Mawe Manne ya Redio

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu watu wa huku Nkoaranga waliopitia darasa langu la tatu watabisha. Mwalimu Tabea, yule wa fimbo, mwoga? Ndiyo, huyo huyo. Mwaka wa tisini na tatu niliogopa kuanzia Machi hadi Juni bila kupumzika, na uoga huo ukanifanya nicheke mahali ambapo mtu mwenye akili zake hathubutu hata kukohoa.

Mdogo wangu Ebenezer aliangusha mti, ukamuua Daniel, kijana wa jirani. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kama alikusudia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinauzwa na kila mtu anauza. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka hadi watu wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, na wanunuzi wa mbao wanapanda kutoka mjini kutafuta miti ya kivuli ambayo babu zetu waliipanda juu ya kahawa. Ebenezer akakodi chenso, ule msumeno wa injini, kwa mtu wa Elerai. Akaanza na mti uliosimama mpakani, kando ya mfereji, mti ambao sisi tulisema ni wetu na kina Daniel wakasema ni wao. Wiki nzima kabla ya hapo walikuwa wamerushiana maneno. Siku yenyewe walikuwa wawili tu pale, Ebenezer na chenso yake, Daniel akizibua mfereji. Tulipofika, mmoja alikuwa chini ya mti na mwingine amekaa kwenye tope ameshika kichwa.

Polisi walimhoji wiki mbili wakamwachia. Wakasema ni ajali, hakuna aliyeuona mti ukianguka. Aliwaambia kelele za mashine zilimziba masikio, hakumsikia Daniel wala hakumwona. Mimi nilimwamini, ni mdogo wangu.

Lakini polisi wakishaondoka na gari lao, sisi tunabaki na majirani zetu. Nyumba mbili zikiwa na damu katikati, kwa desturi ya huku hazisalimiani, hazili pamoja, hata kuteka maji haziendi kwa wakati mmoja, mpaka jani la isale lipelekwe na kupokelewa. Isale ni mmea huu tunaopanda mipakani. Jani lake likifungwa fundo na kupokelewa na aliyekosewa, kisasi kimekufa. Ila halipelekwi kwa mdomo mtupu. Mkosaji asimame mwenyewe aseme alichofanya, chote, mbele ya waliofiwa.

Hapo ndipo tulipokwama. Mama wa Daniel, Magdalena, ambaye wote tunamwita Mama Stanley kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliapa kaburini kwamba hatauona uso wa Ebenezer mpaka yeye mwenyewe atakapozikwa. Alituma swali moja tu, akampa Mzee Sifael, mzee wa kanisa aliyekuwa akienda na kurudi kati yetu. Alisema, "Mwanangu alikuwa ameshatoka pale chini. Watu waliokuwa ng'ambo walimwona ametoka. Kitu gani kilimrudisha?"

Na kulikuwa na Stanley. Alikuja kutoka machimbo ya Mererani kumzika mdogo wake, na hakurudi machimboni. Kila asubuhi alikaa pale njia ya hospitali inapoachana na ya shule, ananoa panga kwenye jiwe. Hatukani, hatishi mtu, ananoa tu. Nikipita namsalimu, ingawa desturi inakataza, "Habari za asubuhi, Stanley," naye ananitazama miguu. Nikiwa ubaoni naandika hesabu za kugawanya, sauti ya lile panga ilikuwa bado masikioni. Ebenezer alikuwa hatoki tena nje. Nilimwambia akimbie, akasema akikimbia atakuwa amekubali kwamba aliua kwa makusudi.

Basi nikajifanya mwerevu. Nilikuwa na redio kaseti, niliyoinunua mjini Arusha, ninayorekodia kwaya ya usharika. Nikamwambia Mzee Sifael, Mama Stanley ameapa kutomwona mtu, hajaapa kutomsikia. Ebenezer aseme kwenye kaseti, sisi tuipeleke pamoja na isale. Mzee alifikiri sana, akakuna kidevu, akaenda kuuliza. Akarudi na jibu kwamba Mama Stanley amekubali kusikiliza. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona mimi ndiye niliyeiokoa milima hii.

Redio ile ilikula mawe manne makubwa, maana huku betri tunaziita mawe. Nilinunua mapya manne dukani, nikayaacha kwenye karatasi yake. Sahani nzuri tunamwekea mgeni, na mimi mawe mapya nikayaweka kwa ajili ya siku ya kwenda kwa Mama Stanley, redio isije ikatuaibisha mbele ya watu. Kwa kurekodi nikatumia yale ya zamani, niliyokuwa nimeyaanika juani juu ya bati siku nzima ili yapate nguvu. Ebenezer aliniomba nitoke. "Dada, haya siwezi kuyasema ukiwa unanitazama." Nikakaa nje kwenye ngazi mpaka alipofungua mlango. Alikuwa amelia. Nikasikiliza maneno mawili ya mwanzo, "Shikamoo mama," nikaona imeshika vizuri na sauti ni yake. Nikairudisha kanda mwanzo nikazima, maana hakutaka nisikie zaidi.

Jumamosi saa tisa mchana tulivuka mfereji. Mzee Sifael alishika isale, mimi nimebeba redio kifuani. Ndugu zao walikuwa wamekaa kwenye mabenchi chini ya migomba, kama watu ishirini, hakuna aliyetukaribisha. Mama Stanley alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni. Stanley alisimama nyuma yake na panga lake mkononi. Nikaweka mawe mapya, nikailaza redio chini mbele ya kigoda, nikabonyeza.

Sauti iliyotoka haikuwa ya mdogo wangu. Ilikuwa nyembamba, ya haraka haraka, ya mtoto anayeigiza watu wazima. Ilisema shikamoo mama kwa mlio wa kuchekesha, ikaendelea kumwaga maneno, ukweli, polisi, mama, mama, yote yanakimbizana. Watu wakatazamana. Mzee Sifael akafumba macho. Mimi niliogopa, na katika kuogopa kule kitu kikanipanda kutoka tumboni, nikabana meno, kikapita.

Nilicheka. Mimi, mtu mzima, mbele ya mama aliyefiwa. Kicheko kirefu, cha sauti, na kila nilivyojiziba mdomo ndivyo kilivyozidi kunitoka na machozi yananimwagika.

Stanley aliruka mbele akazima redio kwa teke. Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Lakini alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mmekuja kutucheka. Mmemfanya marehemu kuwa maigizo." Akalichukua jani la isale mkononi mwa Mzee Sifael akalitupa mferejini. "Mwambie Ebenezer, Jumamosi ijayo nakuja mimi. Na sitakuja na redio."

Mama Stanley alinyoosha mkono tu, akaivuta redio karibu na kigoda chake, ikabaki kwake pamoja na kaseti.

Wiki ile sitaki kuikumbuka lakini naikumbuka. Mzee Sifael alikataa kurudi kule, akasema redio imeingiwa na kitu. Mimi nikaanza kuwaza mabaya zaidi. Je, kama Mungu ameigeuza ile sauti kwa sababu mdogo wangu amesema uongo? Nilimpelekea Ebenezer chakula nikashindwa kumtazama. Aliniuliza, "Walisema nini waliposikia?" Nikamwambia hawakusikia, kaseti iliharibika. Sikumwambia kwamba nilicheka. Nilimwambia tu kwamba Stanley atakuja Jumamosi, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula polepole. Jinsi alivyotulia iliniogopesha kuliko panga.

Alhamisi baada ya shule nilikuwa naanua nguo. Juu ya bati la banda la kuku, pale pale nilipoyarudisha baada ya kurekodi, mawe ya zamani manne yalikuwa yamejipanga yanaota jua. Nikayatazama huku nimeshika shuka. Kila mtu mwenye redio anajua mawe yakichoka nini kinatokea. Kanda inazunguka pole pole na kwaya nzima inaimba kwa sauti za madume ya ng'ombe. Hilo nililijua siku zote. Ambalo sikuwahi kuliwaza ni upande wake wa pili. Ukirekodi kanda ikiwa inajikokota, kisha ukaipiga kwa mawe yenye nguvu, itakimbia. Mtu mzima atakuwa mtoto. Hakuna pepo, hakuna Mungu aliyeingilia, ni mimi na ukarimu wangu wa kuwawekea wageni kitu kipya.

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi nikajitukana kwa Kimeru, maana Kiswahili hakikunitosha.

Kesho yake, Ijumaa, niliyafunga yale mawe kwenye pindo la khanga nikavuka mfereji peke yangu. Sikumwambia mtu. Njia ile ni ya dakika kumi, nami nilisimama mara tatu nikitaka kurudi. Stanley alikuwa kwenye mibuni ya mwanzo. Aliponiona alisimama katikati ya njia.

"Umekuja kucheka tena, Mwalimu?"

"Nimekuja kurekebisha nilichoharibu," nikasema. Sauti yangu yenyewe ilikuwa nyembamba kama ile ya kaseti. "Stanley, nilicheka kwa sababu niliogopa. Niliogopa hilo panga. Naliogopa hata sasa. Nipitishe kwa mama, halafu ukitaka kunikata utanikata nikirudi."

Alinitazama, safari hii usoni. Akanipisha, akanifuata nyuma. Nilihesabu hatua zake zote hadi uani.

Mama Stanley alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi. Redio ilikuwa kando yake, imefunikwa kitambaa safi. "Shikamoo mama," nikasema, nikapiga magoti. Desturi haikumruhusu kunisalimu, na hakunisalimu, lakini kisu kilisimama. Nikamweleza habari ya mawe, ya kanda inayojikokota na kanda inayokimbia. Sijui alielewa kiasi gani. Nilipomaliza akasema, "Weka."

Niliyatoa mapya nikaweka ya zamani. Kurudisha kanda nyuma kwa redio kungeyamaliza, kwa hiyo nikatoa kalamu yangu ya shule niizungushe kwa mkono. Kaseti ikaniponyoka ikaanguka kwenye maganda. Stanley aliiokota, akaipangusa kwenye suruali, akaninyang'anya kalamu. Akazungusha yeye, taratibu, panga amelibana kwapani. Kisha akanipa.

Nikabonyeza, na mdogo wangu akaongea. Sauti ilikuwa yake kabisa, nzito kidogo, ya mtu aliyelia.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Ebenezer. Nimeambiwa niseme ukweli. Polisi niliwaambia sikumsikia. Mama, nilimsikia."

Mimi sikujua. Miezi mitatu nilikuwa namtetea mtu kwa neno ambalo mwenyewe alijua si kweli. Nilisikia Stanley akihama mguu nyuma yangu, nikashindwa kugeuka.

"Nilipunguza moto wa mashine nikamsikia ananiita. Nilidhani ni kisingizio cha kunizuia, yale yale ya mpaka. Nikasema moyoni, leo sisimami. Nikaongeza moto. Sikutaka afe, Mungu anajua, sikudhani angerudi chini ya mti kabla sijazima. Lakini nilimsikia, na maneno yake nayasikia mpaka leo, mama, kila nikiamka. Alisema..."

Sauti ikaanza kuzama. Ikawa nzito, ikavutika, ikawa mngurumo, kisha kanda ikasimama.

"Alisema nini?" Mama Stanley aliuliza. Alikuwa ameinama juu ya redio, kisu kimedondoka. "Alisema nini?"

Niliyatoa mawe nikayang'ata moja baada ya jingine, kama tunavyofanya yakigoma. Nikayasugua, nikayarudisha. Kimya. Nikamwambia, nikilia, "Mama, yapo yale mapya. Lakini sauti itakuwa ile."

"Ile siitaki. Maneno ya mwisho ya mwanangu siwezi kuyasikia kwa mlio ule."

Alikaa, ameweka mikono mapajani. Jogoo alipita akadonoa maganda, hakuna aliyemfukuza. Kisha akasema, "Stanley, nenda kamlete."

"Mama, uliapa."

"Niliapa kutouona uso wake." Akakigeuza kigoda chake, akakaa ameelekea ukutani. "Nenda."

Stanley akaenda. Panga akaenda nalo. Nilitaka kumwomba aliache, sikuthubutu. Sasa mdogo wangu alikuwa amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa redio yangu, kwa wazo langu, na mtu aliyesikia hayo alikuwa anashuka kumchukua. Niliomba Mungu nikasahau maneno. Nilitega sikio kusikia ukelele kutoka bondeni. Mama Stanley alirudia kumenya ndizi huku ameupa ukuta uso, na niliona maganda anayakata mazito, pamoja na nyama yake.

Walitokea kwenye mibuni baada ya muda ambao siwezi kuukadiria. Ebenezer mbele, peku, Stanley nyuma yake. Na Ebenezer alikuwa na jembe begani.

Mmoja ana panga, mwingine ana jembe, na mimi na mama mzee katikati. Nikainuka nikitaka kupiga kelele. Lakini Ebenezer alisimama ukingoni mwa uwanja, hakuthubutu kuingia. Hakumtazama Stanley wala mimi. Alitazama mgongo wa Mama Stanley.

"Shikamoo mama."

"Alisema nini?" ukuta ukajibu.

"Alisema, 'Kaka, zima kwanza, nimesahau jembe la mama.'"

Mikono ya Mama Stanley ikasimama.

"Alikuwa ameliacha chini ya mti alipokuwa anazibua mfereji," Ebenezer akasema. "Baada ya mti kuanguka nililiona. Nikajua wakilikuta watajua alikuwa na sababu ya kurudi, na watauliza kama nilimsikia. Nikalisukumia vichakani kabla watu hawajafika, baadaye nikalificha kwangu. Ni hili hapa."

Alitembea hatua nne, kila hatua nikiiona, akalilaza jembe chini nyuma ya kigoda. Akarudi alipokuwa. Mama Stanley hakugeuka. Alipeleka mkono nyuma, akapapasa mavumbi mpaka akaukuta mpini, vidole vikaufuata mpaka kwenye fundo la waya alilokazia mpini karibu na bapa, akajua ni lake. Vikabaki pale.

"Asubuhi ile tuligombana," alisema. Alikuwa hasemi na yeyote kati yetu. "Alikuwa na tabia ya kuacha vitu vyangu mashambani. Nikamwambia, leo ukirudi bila jembe langu hutakula kwangu." Akalisugua lile fundo kwa kidole gumba. "Jembe halikuonekana. Sikumwuliza mtu liko wapi. Niliogopa kuambiwa ni mimi niliyemrudisha."

Stanley alikuwa anamtazama mama yake kana kwamba hajawahi kumwona. Na mimi ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile, juu ya mfereji na chini ya mfereji, mwoga sikuwa peke yangu.

Mama Stanley aliinuka nusu, akakishika kigoda kwa mkono mmoja, jembe kwa mkono mwingine, akakigeuza. Akakaa akitutazama. Alimtazama Ebenezer tangu miguu mitupu mpaka usoni, na hapo usoni alikaa muda mrefu.

"Umekonda, Ebenezer," alisema. "Kaa."

Hapakuwa na cha kukalia. Stanley aliliegemeza panga ukutani, akaingia ndani kutafuta kigoda kingine.